Mafagio ya Bwana Cyriaque

Mimi si mtu wa hasira. Ukiuliza pale ofisini Kacyiru, Kigali, watakwambia ninayo, tena wataapa, lakini hao wananihukumu kwa siku moja tu, Jumatatu ile ya mwezi wa tisa mwaka 1991, nilipomrushia Bwana Mkurugenzi ndoo ya chokaa. Na sikumlenga. Ningemlenga ningempata, maana nimezaliwa Buyenzi, kule Bujumbura, na sisi watoto wa kike wa Buyenzi tulikuwa tunaangusha mapapai ya majirani kwa jiwe moja.

Jina langu Illuminée, ila kazini wote waliniita Mama Annick, kwa jina la binti yangu. Nilikuwa mtunza bustani wa idara moja ndogo ya kilimo, vyumba tisa, bati la kijani na bendera. Kiswahili nimekinyonya. Na kwa kuwa nimekulia katikati ya Waislamu, mimi Mkatoliki wa ubatizo na kipaimara naapa wallahi kama wao. Padri aliwahi kunikanya. Nikamuuliza, Padri, nikiapa kwa Bikira Maria ndiyo utafurahi? Akaniambia nenda kwa amani, mwanangu, nenda haraka.

Nyuma ya ofisi yetu palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba palikuwa na kichaka. Mashina kumi na tisa, mengine yananifika kiunoni, mengine kifuani, vijani vyake vidogo na vigumu kama punje za mchele. Mwezi wa tisa kilitoa maua meupe yenye wekundu kidogo, madogo hivi kwamba ukisimama huyaoni. Udongo wake usiuulize. Changarawe, mchanga, na vumbi jeusi la majani yake mwenyewe. Ukipanda maharagwe pale unacheza.

Nilipoajiriwa mwaka 1979, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuking'oa kichaka hicho. Nilipewa jembe na panga. Nilikuwa nimefika Kigali na mkoba mmoja na mtoto wa miaka saba, mume ameshazikwa, na kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyeniangalia usoni isipokuwa kuniambia nipishe njia. Nikapiga magoti nitafute mahali pa kukata, nikayaona yale maua. Nikatazama huku na huku. Makarani wanapita, wanatema mate, hakuna hata mmoja anayejua kama pale pana maua. Nikaweka panga chini. Jioni nikamwambia mkurugenzi wa wakati ule kwamba mwamba umenishinda, akasema mwanamke gani huyu, mambo yakaishia hapo.

Nilikipenda kichaka kile, na sioni haya kusema. Nilikipenda hata nikakikosea. Mwaka wa pili nilikihurumia kwa umaskini wa udongo wake, nikakitilia samadi safi ya ng'ombe, mashina mawili yakafa wiki ileile, yakabaki hayo kumi na tisa. Yalikufa kwa shibe, jamani! Tangu hapo nikajifunza kukitunza kwa kukiacha. Hiyo ni kazi ngumu kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeamini kwamba unaifanya.

Basi, wakubwa wa juu wakaamua mwamba uvunjwe, pawe mahali pa kuegesha magari. Idara yenyewe ilikuwa na gari moja, nalo halikuwa na betri. Nikakausha tawi moja katikati ya kitabu changu cha sala, nikamwomba karani aniandikie barua, tukalituma Ubelgiji kwa mtaalamu wa mimea, Madamu Lutgarde, ambaye karani alisoma jina lake kwenye gazeti. Sikutegemea kitu. Baada ya miezi minne likaja jibu la kurasa tatu. Madamu aliandika kwamba mmea huo una jina la Kilatini, refu, sijawahi kulitamka bila kutema mate. Kwamba ndugu zake wako juu kabisa kwenye volkano za kaskazini, ambako kulikuwa na vita na hakuna aliyeweza kupanda. Kwamba hakuna mtu aliyewahi kuuona chini hivi, karibu na mji, na kama ni kweli upo, basi kichaka changu ni cha mwisho cha aina yake kinachoweza kufikiwa na mtu mwenye akili timamu.

Tulipowapelekea jibu hilo, wizarani wakakubali jambo moja, kwa maandishi. Madamu angepita Kigali Jumatatu, kati ya ndege na ndege. Akikiona kichaka kikiwa hai na kusaini cheti, mwamba usiguswe. Asiposaini, katapila lije Jumanne asubuhi. Hivyo tu. Kichaka changu chote kilining'inia kwenye kalamu ya mwanamke mmoja, kwa saa tatu.

Sasa nimtaje Bwana Mkurugenzi. Bwana Cyriaque alikuwa mtu mwema, nasema mapema ili mtakapomchukia mjue mnamwonea. Ila alikuwa na ugonjwa wa usafi. Mwaka ule vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa na kila mtu alikuwa anachagua chama. Cha Bwana Cyriaque kilikuwa ufagio. Jani likidondoka uani, alitoka ofisini kuliokota mwenyewe, analishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Tena alikuwa anasubiri kupandishwa cheo mwezi uliofuata, na mtu anayesubiri cheo anaona uchafu hata usipokuwepo.

Ijumaa nikaaga. Annick alikuwa amejifungua kule Gitarama alikoolewa, na Jumapili ndiyo siku ya kumpa mtoto jina. Bibi asipokuwepo siku ya jina, mtoto ataitwaje? Nikamwendea Bwana Cyriaque.

"Bwana Mkurugenzi, Madamu anakuja kuona kichaka kilivyo," nikamwambia. "Kilivyo. Mtu asikiguse."

"Mama Annick, nenda usiwe na wasiwasi," akasema, ananyoosha tai. "Mgeni wako atapokelewa kwa heshima zote."

Heshima zote! Wallahi, ningejua maana yake ningebaki, mtoto angeitwa Kesho.

Jumatatu nilishuka kituo cha basi cha Nyabugogo asubuhi na mapema, nikapanda kilima kwa miguu, nimebeba kikapu cha ndizi za sherehe. Saa mbili kasoro niko getini. Kitu cha kwanza kilichonigusa ni harufu ya chokaa. Kitu cha pili ni Kaliza.

Kaliza alikuwa mkuu wa wafagiaji, mwanamke mkubwa mwenye kicheko, haogopi mtu. Alikuja kunilaki mikono imefunguka.

"Mama Annick! Karibu! Njoo uone vile iko safi. Jumamosi tulifanya umuganda, kazi ya wote pamoja, mpaka saa nane, hata makarani! Hata yule karani wa mihuri alishika jembe, Mana yanjye, Mungu wangu, alilia."

Nikazunguka nyuma ya ofisi. Nikasimama. Kikapu kikaanguka, ndizi zikaserereka mpaka kwenye mtaro.

Hapakuwa na kichaka. Palikuwa na uwanja. Umefagiwa kwa mistari iliyonyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi, na mawe yamepakwa chokaa, yamepangwa kuzunguka uwanja na mengine yametapakaa ndani yake, meupe pe. Katikati ilikuwa meza yenye kitambaa cha mezani na maua ya plastiki. Na juu ya meza, na kando ya meza, na kuegemea ukuta, yalikuwepo mafagio. Arobaini na moja. Kila moja limefungwa kwa kamba na kutundikwa kijikaratasi kilichopigwa taipu.

Nikasoma kimoja. Kiliandikwa: *Zao: ufagio. Daraja la kwanza. Mavuno ya Septemba.*

Matawi yale niliyajua. Mengine yalikuwa bado na maua.

"Nani?" nikauliza. Sauti yangu sikuitambua.

"Bosi ndiye alisema," Kaliza akajibu, tabasamu linaanza kufifia. "Mi nilikata. Nilikata vizuri, Mama Annick. Mmoja mmoja."

Hapo ndipo Bwana Cyriaque alipotokea, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, uso umejaa furaha ya mtu anayesubiri kushukuriwa. Ndoo ya chokaa ilikuwa karibu na mguu wangu. Mengine mnayajua. Ilipita kando yake, ikagonga ukuta, ukuta ukamrudishia sehemu yake. Suruali yake kuanzia gotini kushuka ikawa ya mwokaji mikate.

"Mama Annick!"

"Kichaka changu kiko wapi?"

"Lakini kiko hapa!" akasema, ananyoosha mkono kwenye meza, na wallahi alishangaa kweli. "Chote kiko hapa, hakuna tawi lililopotea. Sisi ni watu wa kilimo. Mgeni akija kuona mahindi tunamwonyesha mahindi yamevunwa, yamemenywa, yako mezani. Akija kuona kahawa anaona gunia. Ni nani amewahi kumpeleka mgeni akasimama porini? Mama mzima anatoka Ulaya na ndege, afike akute vichaka? Ni matusi hayo!"

Na alikuwa anasema kweli. Hivyo ndivyo tulivyopokea wageni siku zote. Mimi mwenyewe nilishapaka chokaa mawe mangapi? Nilishapaka hata shina la mparachichi kwa ajili ya mgeni wa viazi, na mgeni hakutazama juu hata mara moja.

"Barua inasema kikiwa hai," nikamwambia. "Hai, Bwana Mkurugenzi."

Akatoa barua mfukoni. Akaisoma. Akaisoma tena, midomo inacheza. Nikamwona anavyogeuka rangi kutoka juu kwenda chini, mpaka akafanana na suruali yake.

"Hai," akasema polepole, "maana yake lazima kiwe kimesimama?"

"Kimesimama, kina mizizi, kinapumua!"

"Anafika saa ngapi?"

"Saa nne."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Kaliza ndiye aliyekuwa na wazo, na nampenda Kaliza, lakini wazo lile Mungu amsamehe.

"Basi tuyasimamishe," akasema.

Sitaki mnifikirie vibaya. Mtu aliyefiwa hukubali lolote. Idara nzima ikatoka, makarani, wapiga taipu, yule wa mihuri, kila mmoja na ufagio wake, wakachimba vishimo wakayapanda mafagio chini, kamba ardhini, matawi juu. Na mimi niliyejua kila shina lilipokuwa nikawa ndiye msimamizi. "Hapana, hilo kubwa linakaa kushoto! Hilo lisogeze, lilikuwa linaegemea jiwe!" Bwana Cyriaque mwenyewe alipanda manne, ametandika leso chini ya goti. Karani wa mihuri alipanda mawili kichwa chini, tukayageuza. Ukitazama kwa mbali, umefumba jicho moja, na una haraka, kilikuwa kichaka. Ukitazama kwa karibu, ilikuwa ni ardhi inayojaribu kufagia mbingu.

Saa nne kamili gari likafika. Akashuka mama mrefu mwembamba, kofia ya majani, viatu vya kupandia milima, begi begani. Tulikuwa tumejipanga mstari. Akatutazama, akatabasamu, akafungua kinywa.

"Jambo, bamama na babwana. Mi nilizaliwaka Lubumbashi, tusisumbuane na Kifaransa."

Nilikuwa nimeomba angalau asielewe tunachonong'ona.

Bwana Cyriaque akatangulia. Hotuba aliyokuwa ameiandika ilihusu mavuno, kwa hiyo akaikunja akaiweka mfukoni, akasema tu, "Karibu, Madamu. Kichaka ni hiki. Tunashauri ukitazame kutoka hapa, kwenye kivuli."

"Kwa nini?"

"Ni kikali, Madamu."

"Muti iko mukali?"

"Sana."

Madamu akacheka, akavaa miwani, akaenda moja kwa moja. Akainama. Akashika tawi, akatazama ua kwa kioo chake kidogo. "Ni yenyewe," akasema. "Ni yenyewe kabisa! Mama Illuminée ni nani?" Nikainua mkono. Alinitazama usoni kwa namna ambayo nilitamani ardhi inimeze nilale pamoja na yale mafagio.

Hapo ukavuma upepo kidogo tu, upepo wa kawaida wa kilima. Mafagio sita yakalala, moja baada ya jingine, taratibu, kama watu wanaochoka kanisani.

"Upepo wa Kacyiru," akasema Bwana Cyriaque, "una nguvu zake."

Madamu akashika shina lililo mbele yake, akalivuta kwa vidole viwili. Likatoka lote, na kamba yake, na udongo kidogo, na kijikaratasi kinaning'inia. Akakifuta. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Zao. Ufagio. Daraja la kwanza."

Watu wote wakatazama mawingu. Yule wa mihuri akaanza kupiga mluzi, Kaliza akampiga kiwiko.

Mimi nikalia. Sikujua kama nitalia, ilinijia tu. Nikamwambia Madamu yote, Gitarama, jina la mtoto, umuganda, meza, chokaa, hata kwamba mafagio nimeyapanga mimi. Alikaa chini juu ya jiwe moja jeupe kunisikiliza, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba chokaa bado haijakauka. Nilipomaliza akafunga daftari lake.

"Mama," akasema, na hakuwa na hasira, hilo ndilo lililoniumiza. "Mi naandika kile mi nimeona. Mi nimeona mafagio. Siwezi kusaini mafagio."

Basi. Imekwisha. Miaka kumi na miwili, na kesho katapila. Niliinamisha kichwa kwa sababu sikutaka wanione, nikabaki natazama mawe yaliyopakwa chokaa. Lile la kwanza nalijua. La pili nalijua, lina ufa. La tatu.

La tatu silijui.

Mawe yangu nayajua yote, nimeyafagia pembeni miaka kumi na miwili. Pale hapakuwa na jiwe. Nikalisogelea kwa magoti, nikalikwangua kwa kucha. Chokaa ikabanduka. Chini yake palikuwa na gome.

"Kaliza!" nikapiga kelele. "Hivi vilivyo katikati mlivyopaka ni nini?"

"Vile vya ndani?" Kaliza akakuna kichwa. "Vile vilikataa. Saba tuling'oa na jembe, zile zingine zilikuwa ngumu sana, jembe linaruka. Mi nikakata huku juu, halafu yule wa mihuri akasema ziko kama mawe tu, tupake rangi twende kula."

Madamu alikuwa ameshapiga magoti kando yangu. Alitoa kisu kidogo, akakwangua gome kidogo sana, kwa adabu. Ndani palikuwa kijani. Kijani na maji.

"Iko muzima," akanong'ona. Akarukia cha pili, akakwangua. "Hii pia iko muzima!" Mwanamke mzima, profesa, makalio yake meupe kwa chokaa, anatambaa kwenye changarawe kutoka kisiki hadi kisiki, na mimi nyuma yake, na Kaliza nyuma yangu na ndoo ya maji, tunavisugua visiki kama watoto wanaoogeshwa. Vilikuwa kumi na viwili. Kimoja kilikuwa kipana kuliko sahani. Madamu akasema kisiki hicho kimeona mioto na mapanga mengi kabla sisi hatujazaliwa, na kwamba kitaota tena kikiachwa. Akasisitiza kikiachwa.

"Kwa hiyo unasaini?" nikamuuliza.

Akajikung'uta. "Nasaini, lakini kwa masharti. Kule watauliza, kwa nini hii muti haina hata jani? Watasema ilikuwa na ugonjwa, ilikufa yenyewe, leta katapila. Nahitaji karatasi. Iandikwe ya kama Ijumaa ilikuwa muzima, Jumamosi ikakatwa na watu. Na yule aliamuru kukata, aweke jina lake."

Idara nzima ikajifunza upya kutazama mawingu.

Bwana Cyriaque akakohoa. "Unajua, Madamu, umuganda ni kazi ya wote. Ukiuliza nani amejenga ile barabara, ni wote. Kwa hiyo hata hii, ukitazama vizuri, hakuna mtu mmoja—"

"Basi na katapila ni ya wote," Madamu akasema, akatazama saa yake.

Nilimwangalia Bwana Cyriaque na nikajua anachowaza, maana kila mtu alijua. Karatasi ile ingefika wizarani siku ileile. Mkurugenzi aliyekata kwa panga kitu kimoja ambacho wizara iliahidi kumwonyesha mgeni. Cheo kile alikuwa amekisubiri miaka sita. Mkewe alikuwa ameshashona gauni la sherehe, tena la pinki. Nilitaka kumwambia saini, nilitaka kumshika tai nimvute mpaka mezani. Ni kichaka changu, lakini jina lilikuwa lake.

Ndipo Kaliza akasogea mezani, akakamata kalamu kwa ngumi kama mtu anayeshika mwiko.

"Mi nitaweka jina," akasema. "Mi ndiye nilikata. Mniandikie, mi niweke dole."

Kaliza alikuwa na watoto watano. Mfagiaji anayeharibu mali ya serikali haitwi kuulizwa swali. Anaambiwa tu asirudi kesho. Yeye mwenyewe alijua, kidevu chake kilikuwa kinacheza.

Bwana Cyriaque alimtazama. Alitazama viatu vyake vyeupe. Alivuta pumzi ndefu.

"Kaliza, weka kalamu chini," akasema. "Wewe ulishika panga. Mdomo ulikuwa wangu."

Akakaa mezani, kati ya maua ya plastiki, akaandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri wenye mikia. Mimi, Cyriaque, mkurugenzi. Niliamuru kikatwe. Kilikuwa kizima. Nilidhani nakipamba. Akasaini. Alipoinua mkono, kidole gumba kilikuwa kimeacha alama ya chokaa pembeni ya karatasi, akatoa leso aifute, kisha akaiacha.

Jumanne katapila lilikuja, dereva akasoma cheti getini, akaomba maji ya kunywa, akageuza. Mwezi uliofuata cheo alipewa mtu mwingine, wa ofisi ya jirani, mtu ambaye hata kucha hakati. Gauni la pinki lilivaliwa kwenye ubatizo wa mtu. Kwa agizo la Madamu Bwana Cyriaque alitundika tangazo ukutani kwamba ni marufuku kufagia nyuma ya ofisi, akalisaini mwenyewe, na kwa wiki nzima alipita pale amegeuza uso, kama mtu anayepita karibu na bafu la wenzake.

Mvua zikaanza. Mimi kila asubuhi nilikwenda, natazama, hakuna kitu. Visiki vimekaa tu. Wiki ya kwanza, ya pili. Nilianza kuviongelesha, halafu nikaanza kuvitukana. Wiki ya tano, Alhamisi, nilikuta Kaliza ameshika ufagio anafagia majani kati ya visiki, kwa mazoea tu, akili yake iko kwingine. Kabla sijafungua kinywa, dirisha la ofisi likafunguka kwa kishindo.

"Kaliza! Acha! Acha hapohapo! Uchafu huo ni wangu!"

Bwana Cyriaque akatoka mbio, tai imepeperuka begani. Akapiga magoti kwenye matope, bila leso, akaanza kurudisha majani kwa mikono, moja moja. Mara akatulia.

"Mama Annick," akaita, sauti ndogo. "Njoo uone hapa."

Kwenye ubavu wa kisiki palikuwa na kitu chekundu, si kirefu kuliko njiti ya kiberiti, na vijani vyake vinne. Kingine kando yake. Tukatambaa sote watatu. Kisiki cha kwanza kimeota, cha pili kimeota, kile kipana kimeota pande tatu. Bwana Cyriaque alikuwa anahesabu kwa sauti, na kila akihesabu sauti inapanda. Tisa. Akatazama huku na huku.

"Na hivi viwili?"

Nilivikagua kwa kisu. Hakukuwa na kijani. Nilitingisha kichwa, na machozi yalinijia, sikuyafuta.

Alikaa palepale, mikono imejaa matope, anatazama vile visiki vilivyokatwa usawa mmoja, laini, bila kombo.

"Nilivikata vizuri mno," akasema.

"Vizuri mno, Bwana Mkurugenzi," nikamwambia. "Sasa inua hilo goti la kushoto, polepole, kwa ajili ya Mungu. Umekalia cha kumi."